Siku ya tisa laini inapiga simu vizuri ila intaneti haifunguki, na kila nikipiga huduma kwa wateja naanza upya

Steshenari Moro (mtoa uzi), Jumanne usiku

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni mnisikilize maana nimefika mwisho, na kama kuna mtu alishapita hapa anisaidie mawazo.

Nina steshenari ndogo Morogoro, sio mbali na stendi ya Msamvu. Natoa kopi, naprinti, na kipindi hiki kazi kubwa ni vijana waliomaliza kidato cha sita wanaokuja kuomba mkopo HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Wanaoijua hii kazi wanajua, kijana mmoja anakaa kwenye mashine lisaa lizima au zaidi, ajaze, tuskani cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, tuprinti fomu aipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa wakili, alafu arudi tena tuipandishe. Kompyuta yangu natumia hotspoti ya simu, laini hiyohiyo mwaka wa sita huu, na namba ndio iliyoandikwa kwenye bango la duka kwa hiyo siwezi kusema naitupa tu.

Jumatatu ya wiki iliyopita laini ikafa. Simu ikawa inasema hakuna laini, nikaitoa nikaifuta nikairudisha, wapi. Nikaenda kwa kijana wa mwamvuli anayesajili laini pale stendi, namba ya NIDA, kidole, robo saa nikapewa laini mpya namba ileile. Nikapiga, inaita. Meseji zinaingia. Hela yangu kwenye simu ipo yote. Nikashukuru Mungu nikanunua bando la wiki la elfu kumi nikarudi dukani, nawasha data, kimya. Minara imejaa pale juu ila ile herufi ya 4G haitokei, wala H, wala E, hakuna kitu chochote pembeni ya minara.

Jioni ileile nikapiga 100. Bonyeza moja, bonyeza tatu, tangazo la promosheni, muziki, tangazo tena, dakika 23 nimeziangalia kwenye simu. Akapokea dada, ana lugha nzuri tu, nikamweleza, akasema zima simu kisha uwashe. Nikamwambia nimeshafanya hivyo mara tatu. Akasema fanya sasa hivi tukiwa pamoja hewani. Sasa ndugu zangu nikizima simu nabaki naye hewani vipi? Nikazima kwa sababu ndio alichosema, nikawasha, nikasubiri mpaka saa mbili usiku, hakuna aliyepiga. Nikapiga tena akapokea mtu mwingine, na hapo ndio nilianza kuelewa niko wapi, maana huyu wa pili hakuwa anajua lolote kwamba nimeongea na mwenzake nusu saa iliyopita. Jina kamili, namba ya NIDA, namba tatu za mwisho ulizopiga, haya tatizo lako ni nini.

Tangu siku hiyo nimepiga mara kumi na moja. Nina daftari, nimeandika siku, saa na nilichoambiwa. Nimetumiwa seting mara nne, nimezisevu zote. Mmoja kanambia nisubiri masaa 24, mwingine 48, mwingine 72 na yale 48 hayajaisha. Mmoja kanambia simu yangu ni feki ninunue nyingine. Hakuna hata mmoja aliyesoma mwenzake kaandika nini, kama kuna sehemu wanaandika.

Jana bando limeisha muda, wamenitumia meseji "Ndugu mteja kifurushi chako kimekwisha muda wake". Sijatumia hata MB moja.

Nimenunua laini ya mtandao mwingine, ndio naandikia hapa nyumbani, ila kule dukani inashika mnara mmoja, ukurasa wa HESLB unazunguka weee mpaka unakutoa nje uanze kuingia upya. Ijumaa alikuja binti kutoka Turiani, kapanda gari asubuhi sana, nyaraka zake kwenye bahasha ya kaki kaikumbatia isikunjike, nikahangaika naye mpaka saa tisa alasiri, jirani naye foleni imejaa, karudi kwao fomu haijapanda. Nauli kaitoa wapi sijui. Hilo ndilo linanikosesha usingizi, hiyo elfu kumi ningeshaisamehe.

Nifanyeje wakuu?

Fundi Kkoo

Pole sana kiongozi. Usibonyeze tena chochote kwenye simu yako, na hizo seting acha kusevu. Fanya kitu kimoja, dakika mbili tu. Chukua laini yako iweke kwenye simu ya mtu mwingine ambayo unajua intaneti yake inafanya kazi. Alafu chukua laini ya mtu mwenye mtandao huohuo iweke kwenye simu yako. Lete majibu hapa.

Hili ndio la kwanza fundi yeyote anafanya na linaniuma kwamba watu kumi na moja hakuna aliyekwambia.

Mama Chipsi Kibaha

Pole mwaya, umenikumbusha yangu. Mimi ilikuwa mwaka jana baada ya kuibiwa simu, nikarudisha laini, simu zinapigwa ila intaneti hakuna, oda zangu zote zinakuja kwa WhatsApp. Nilipiga nikachoka nikahamia laini mpya. Wateja wangu wa zamani mpaka leo kuna wanaosema walidhani nimefunga biashara. Usifanye kama mimi, pambana nayo hiyo namba.

Mwanachuo SUA

Mkuu mbona huu ni mkongo tu wa baharini, kuna siku ilikata nchi nzima tukashindwa hata kusabmiti kazi za chuo. Subiri itarudi.

Fundi Kkoo

Hapana mdogo wangu, tusimchanganye. Unayoisema ni ile Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu huko baharini upande wa kusini, ikagusa nchi nyingi za Afrika Mashariki kwa mpigo. Ikiwa mkongo umekatika jirani yako naye analia, na 4G pale juu unaiona ipo ila kurasa hazifunguki au zinajivuta. Huyu mwenzetu herufi yenyewe haitokei na jirani yake anatumia. Maana yake simu inaomba kuingia kwenye intaneti inakataliwa mlangoni.

Dar Mpaka Moro

Na mimi nauliza hiyo simu umeitoa wapi? Hizi simu za mtumba kutoka Marekani na Dubai nyingine hazina masafa ya 4G ya huku. Labda yule aliyekwambia simu mbovu hakukosea.

Steshenari Moro (mtoa uzi)

Simu nimenunua hapahapa Moro dukani ikiwa kwenye boksi, miaka miwili, na mpaka Jumapili usiku kabla laini haijafa nilikuwa naitumia hotspoti. Laini ndio iliyobadilika, simu ni ileile.

Fundi nimefanya ulivyosema. Laini yangu nimeiweka kwenye simu ya kijana anayeuza matunda hapo mbele, ambayo ilikuwa inacheza video muda huohuo: minara inajaa, herufi hakuna, intaneti hakuna. Laini yake nimeiweka kwenye simu yangu, mtandao ni uleule: 4G ikatokea kabla sijaifunika kava, nikafungua ukurasa wa HESLB papo hapo. Nimerudia mara mbili, na nimepiga skrini shoti.

Aisee nimekaa kwenye kiti nikawa kama nimemwagiwa maji. Siku tisa.

Fundi Kkoo

Basi umemaliza kazi mkuu. Simu nzima, seting nzima, mnara mzima. Tatizo liko kwenye namba yako huko ndani ya mitambo yao.

Nieleze kidogo ili ukifika kwao usiyumbishwe. Unaporudisha laini wanachofanya ni kuihamishia namba yako ya zamani kwenye kadi mpya. Huko kwenye mitambo kila namba ina orodha ya huduma zilizofunguliwa, kupiga simu peke yake, meseji peke yake, data peke yake. Ikitokea huo uhamisho haukukamilika vizuri unaweza kukuta simu na meseji zimefunguliwa na data imebaki imefungwa, na hapo hata wakutumie seting mia haisaidii, ni sawa na kumpa mtu ufunguo mpya wakati mlango umepigiliwa misumari kwa ndani. Inatakiwa mtu wa mitambo aingie kwenye namba yako aifungue.

Na hilo la simu feki walikuonea. TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, walizima simu feki Juni 2016, na simu iliyofungwa kwa IMEI yake, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, haipigi hata simu ya kawaida, sio kwamba inapiga alafu inakosa intaneti tu. Na wewe wa masafa hapo juu, simu ikikosa 4G ya huku ingeshika hata H, hii haishiki chochote.

Dar Mpaka Moro

Sawa fundi nimeelewa, mtoa uzi nisamehe.

Nilikuwa Kwenye Hedifoni

Nimesoma mwanzo mpaka mwisho na nimeona niandike, maana nimekaa upande ule wa pili wa simu miaka miwili. Sitasema ni wapi.

Kwanza yule dada aliyekwambia uzime simu akiwa hewani hana ubaya na wewe. Sisi tulikuwa hatujaajiriwa na mtandao wenyewe, tulikuwa chini ya kampuni ya kati yenye mkataba wa kupokea simu, na kinachopimwa ni umemaliza simu moja kwa muda gani. Ukikaa na mteja mmoja muda mrefu msimamizi anakuja anasimama nyuma ya kiti chako. Simu yako ilivyokatika kwake imehesabika imeisha, akaingia mwingine sekunde hiyohiyo, hata kama roho inamuuma hana namna ya kukupigia.

Pili, kwenye skrini yetu tulikuwa tunaona usajili wako, salio, na vifurushi. Hilo la data kufungwa huko kwenye mitambo anakosema fundi hatukuwa tunaliona wala hatuna pa kuligusa. Tulichopewa ni karatasi ya hatua za kufuata, zima washa, angalia data, tuma seting, subiri masaa 24. Kupeleka kwa watu wa mitambo lazima ufungue tiketi, na tiketi inachukua muda kuijaza, kwa hiyo wengi tulikuwa tunaikwepa mpaka mteja aitaje mwenyewe. Nasema ukweli, na mimi nilifanya hivyo, na nikisoma habari za huyo binti wa Turiani sijisikii vizuri.

Kwa hiyo ukipiga au ukienda dukani usianze na historia. Sema hivi: nimerudisha laini tarehe fulani, simu na meseji zinafanya kazi, data haijafunguliwa kwenye namba, nimejaribu laini yangu kwenye simu nyingine haifanyi na laini nyingine kwenye simu yangu inafanya, naomba ufungue tiketi ya mitambo na unitajie namba ya tiketi. Usikate simu bila hiyo namba. Ukipata namba, anayefuata anaiandika tu na anaona kila kitu. Siku zote hizo tisa ulikuwa hauna tiketi, kwa hiyo kwao ni kama hujawahi kulalamika.

Mama Chipsi Kibaha

Hiyo sentensi ya mwisho imenichoma. Kumbe nililia bure.

Unguja Ukuu

Ndugu yangu hata huku Unguja limenifika hilo hilo, nami niliambiwa simu mbovu, nikenda nikanunua simu mpya laki mbili na nusu, hali ile ile. Ile simu ya zamani nshampa mdogo wangu anatumia mpaka leo haina tatizo lolote.

Steshenari Moro (mtoa uzi), Jumatano jioni

Leo nimefunga duka saa tatu asubuhi nikaenda duka lao kubwa hapa mjini. Nawaeleza kama ilivyokuwa.

Mlinzi mlangoni ndiye anayegawa namba, nikapewa 61, anayehudumiwa 34. Madirisha matano, wahudumu wawili. Nimekaa pembeni ya mzee mmoja wa kama miaka sabini kaja kwa ajili ya laini yake kufungwa, ameshika kitambulisho mkononi muda wote kama vile wakimwita wataondoka asipokuwa nacho tayari. Saa tano na nusu mfumo ukaanguka, wakatangaza tusubiri, watu wakaanza kuondoka, mzee hakuondoka na mimi sikuondoka. Saa saba mfumo ukarudi.

Nilipofika dirishani nikasema yaleyale maneno ya ndugu wa hedifoni, sikuongeza kitu. Yule dada akanyamaza kidogo alafu akasema hebu lete simu. Akatoa laini yake mwenyewe kwenye simu yake akaiweka kwangu, intaneti ikafunguka. Akaangalia kompyuta, akamwita mwenzake, wakanong'ona. Alafu akanambia kaka subiri masaa 24 hadi 48 itakaa sawa.

Hapo nilitaka kupaza sauti. Nikajizuia. Nikamwambia dada naomba namba ya tiketi. Akasema ameshaandika. Nikasema naomba unisomee niandike. Akarudi kwenye kompyuta, akabonyeza dakika kama nne hivi, ndio akanisomea. Yani nilivyoelewa mimi tiketi ilikuwa haijafunguliwa mpaka nilipoomba kusomewa.

Nikauliza habari ya bando. Akasema kifurushi kikiisha muda hakirudishwi, ndio utaratibu.

Wakili Mtarajiwa

Kaka hilo la bando usiliache. Utaratibu wa kifurushi kuisha muda unamhusu mtu aliyekuwa na uwezo wa kukitumia akachelewa. Wewe uliuziwa kitu ambacho wao wenyewe walikuwa wamekifunga. Kumbuka kwenye yale mambo ya vifurushi ya Aprili 2021, bei zilipopanda watu wakapiga kelele mpaka serikali ikaingilia zikarudishwa, maelekezo ya TCRA yalikuwemo mengine mazuri ambayo watu hatuyakumbuki, kwamba mteja ajulishwe matumizi yakifika asilimia 75 na 100. Wewe uliza, hizo meseji mbili ulitumiwa lini? Hukutumiwa kwa sababu hujatumia, na hilo liko kwenye kumbukumbu zao wenyewe.

Andika malalamiko kwa maandishi kwao kwanza, taja namba ya tiketi, weka na picha za daftari lako. Wakikaa kimya au jibu lisikuridhishe ndio unapeleka TCRA. TCRA wanataka kuona ulianza kwa mtoa huduma.

Mzee wa Kilosa

TCRA utazunguka tu kijana wangu. Hama. Tangu Machi 2017 unahama mtandao na namba yako ileile, bango la duka halibadiliki.

Fundi Kkoo

Mzee wangu kuhama ni haki yake, ila atoe kwanza hela yote iliyopo kwenye simu, maana namba inahama ila akaunti ya pesa haihami nayo. Na kama huku anakotaka kwenda ndani ya duka kunashika mnara mmoja kama alivyosema, atakuwa na namba yake lakini hana kazi.

Steshenari Moro (mtoa uzi)

Ndio hivyo fundi. Mzee shikamoo, nimekuelewa na asante, ila kwa duka lilipo mtandao unaoshika ni huu tu. Ningekuwa na kwa kwenda ningeshaenda siku ya tatu.

Steshenari Moro (mtoa uzi), Ijumaa usiku

Wakuu imefunguka.

Jana masaa 24 yakapita hakuna kitu. Leo saa nne asubuhi nikapiga 100, dakika 17 kusubiri, akapokea kaka mmoja, nikamwambia sina maelezo mengi nina namba ya tiketi. Nikaitaja. Akanyamaza anasoma, alafu akasema neno ambalo sijalisikia siku zote hizi: "Naona hapa tangu tarehe uliyorudisha laini data haikuwahi kufunguliwa, pole sana." Akasema tiketi imekaa kwenye foleni haijachukuliwa na mtu, anawapigia watu wa mitambo mwenyewe, nisikate. Nikasikia muziki dakika tatu hivi. Akarudi akasema washa hali ya ndege, hesabu mpaka kumi, zima. Nikahesabu kwa sauti pale dukani kijana wa matunda ananiangalia. 4G ikaja.

Dakika tatu. Siku kumi na mbili zote hizi, kazi yenyewe ilikuwa ya dakika tatu.

Nimemuuliza jina nimpe sifa kwa wakubwa wake, kanipa la kwanza tu, sitaliweka hapa ila nimeliandika kwenye barua.

Nilikuwa Kwenye Hedifoni

Huyo kaka amevunja muda wake kwa ajili yako. Hiyo barua itume kweli, usiache. Huko sifa ya maandishi inabandikwa ukutani.

Fundi Kkoo

Safi sana mkuu. Naomba mods wauache uzi huu juu, watu wanaorudisha laini ni wengi.

Mama Chipsi Kibaha

Na bando je?

Steshenari Moro (mtoa uzi), Jumatatu

Mama bando wamenijibu leo kwa barua pepe, nimerudishiwa GB zilezile ila za siku tatu badala ya wiki. Nimewajibu kwamba nililipia siku saba, tiketi nyingine imefunguliwa, namba ninayo.

Binti wa Turiani nilimpigia Ijumaa ileile. Kaja Jumamosi, ile bahasha ya kaki sasa kaiweka ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua. Tulianza saa nne, cheti, fomu ya mwenyekiti, picha, sahihi ya mdhamini, moja ilikuwa imeskaniwa kichwa chini tukairudia. Saa sita na dakika kumi ikaandika imepokelewa. Nimemprintia nakala mbili, moja akae nayo na moja ampelekee mama yake, sikumchaji.